Ufugaji wa Nguruwe, Somo la Nne: Jua Saa ya Kumpeleka Jike kwa Dume



Katika masomo matatu yaliyopita tulizungumza juu ya banda, chakula na minyoo. Leo tunafika kwenye jambo linalowapotezea wafugaji fedha na muda bila wao kujua sababu. Jike anapelekwa kwa dume, anapandwa, mwenye dume analipwa ada yake. Baada ya majuma matatu jike anataka dume tena. Au anabeba mimba, lakini anazaa watoto watatu tu, wakati jike wa jirani amezaa kumi.

Hapo maneno huanza. Mmoja husema dume ni mbovu. Mwingine husema kuna mtu mwenye jicho baya. Mara nyingi dume ni mzima na jirani hana kosa. Kilichokosewa ni saa.

Fikiri hasara yake. Nguruwe hubeba mimba kwa siku 114, yaani miezi mitatu, majuma matatu na siku tatu. Joto moja likipotea, unangoja siku 21 zaidi, na siku hizo zote nguruwe anakula. Majoto mawili yakipotea ni siku 42. Kwa familia yenye jike mmoja tu, hapo karo ya mtoto ya muhula mzima inaweza kupotea. Kwa hiyo soma somo hili polepole, na kama kuna jirani asiyejua kusoma, msomee.

1. VIUNGO VYA UZAZI VYA NGURUWE JIKE

Ukichinja nguruwe jike, usitupe matumbo kabla ya kutazama. Utaona mambo haya.

Kwanza kuna uke, ambao mdomo wake unaonekana kwa nje chini ya mkia. Ukiendelea ndani unafika kwenye mlango wa mji wa mimba. Mlango huu si kama wa ng'ombe. Ndani yake una mikunjo inayozunguka kama parafujo, na ncha ya uume wa dume nayo imezunguka hivyo hivyo. Wakati wa joto mlango huu huvimba, na ncha ya dume hushikwa humo kwa nguvu. Ndiyo sababu dume wa nguruwe hukaa juu ya jike kwa dakika nyingi, si kama beberu anayemaliza mara moja.

Baada ya mlango, mji wa mimba hugawanyika kuwa pembe mbili ndefu zilizojikunja kama utumbo. Kila pembe ikinyoshwa inaweza kufika karibu mita moja, na zaidi kwa nguruwe aliyekwisha kuzaa. Nguruwe anahitaji nafasi hiyo ndefu kwa sababu hubeba watoto wengi kwa mara moja.

Mwisho wa kila pembe kuna mrija mwembamba wa kupitishia mayai. Mwisho wa mrija kuna ovari, moja kila upande. Ovari ya nguruwe aliyekomaa inafanana na kishada kidogo cha zabibu, au tunda la mforosadi, kwa sababu ina vifuko vingi vidogo vyenye maji. Ndani ya kila kifuko mna yai moja. Yai lenyewe ni dogo kuliko chembe ya mchanga.

Kumbuka mpangilio huu: uke, mlango, pembe, mrija, ovari. Mbegu za dume husafiri kutoka mlangoni kwenda juu. Mayai hutoka kwenye ovari na kushuka. Hukutana ndani ya mrija, na lazima wakutane kwa wakati unaofaa.

2. HOMONI NI NINI?

Homoni ni ujumbe unaopita katika damu. Kiungo kimoja kinatoa homoni, damu inaipeleka, na kiungo kingine kinaipokea na kufanya kazi. Ni kama mjumbe wa mwenyekiti wa kijiji anayepita kuwaita watu mkutanoni: yeye hachimbi barabara, lakini asipopita hakuna atakayekuja.

Nguruwe jike ana mzunguko wa siku 21. Wengine huchukua siku 18, wengine 24. Katika mzunguko huo homoni hupeana zamu hivi:

(a) Zamu ya ubongo. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo. Tezi hii inatoa homoni za kukuza vifuko vya mayai kwenye ovari.

(b) Zamu ya estrojeni. Vifuko vinapokua vinatoa homoni iitwayo estrojeni. Hiyo ndiyo inayofanya uke uvimbe na kuwa mwekundu, nguruwe apige kelele, asile vizuri, na mwishowe akubali dume. Estrojeni pia inauamsha mji wa mimba: misuli yake huanza kubana na kulegea kwa mawimbi.

(c) Zamu ya kupevusha. Estrojeni ikifika kiwango cha juu, ubongo unaitambua na ile tezi inamwaga kwa wingi homoni ya kupasua vifuko. Karibu siku moja na nusu hadi siku mbili baadaye, vifuko vinapasuka na mayai yanatoka. Nguruwe mmoja kwa kawaida hutoa mayai 15 hadi 20, wengine zaidi. Yote hutoka ndani ya saa chache tu.

(d) Zamu ya projesteroni. Kila kifuko kilichopasuka kinageuka kuwa kivimbe kidogo kinachotoa homoni nyingine, projesteroni. Kazi yake ni kuutuliza mji wa mimba na kuutayarisha kulea. Projesteroni ikiwapo, hakuna joto.

(e) Zamu ya mji wa mimba. Kama hakuna mimba, karibu siku ya 15 mji wa mimba unatoa prostaglandini, homoni inayoviua vile vivimbe. Projesteroni inashuka, vifuko vipya vinakua, na joto linarudi siku ya 21 hivi.

Mama anayenyonyesha hapati joto kwa kawaida, kwa sababu kunyonya kwa watoto kunauzuia ubongo kutuma homoni za kukuza vifuko. Ukiwaachisha watoto, kizuizi kinaondoka, na mama mwenye afya hupata joto baada ya siku 4 hadi 7. Kwa hiyo ukitenga watoto siku ya Jumatano, kuanzia Jumamosi anza kumtazama kila asubuhi na kila jioni.

3. DALILI ZA JOTO: KUVIMBA SI KUSIMAMA

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Joto lina hatua mbili.

Hatua ya kwanza ni kujitayarisha. Mdomo wa uke unavimba na kuwa mwekundu. Nguruwe hatulii, anatembea banda zima, anapanda wenzake, anapiga kelele, anaacha chakula. Lakini akipandwa anakimbia. Hatua hii inaweza kuchukua siku mbili au zaidi.

Hatua ya pili ni kusimama, na hili ndilo joto lenyewe. Uvimbe na wekundu huanza kupungua, na ute unakuwa mzito, unanata ukiushika kwa vidole viwili. Mkandamize mgongoni kwa viganja viwili, juu ya kiuno. Akiwa kwenye joto lenyewe, atasimama kama nguzo. Miguu inakaza, masikio yanasimama, hasogei hata ukimsukuma. Ukimkalia mgongoni kidogo hataondoka.

Fanya jaribio hili karibu na dume, au mahali anapoweza kumsikia na kumnusa. Povu la mdomoni mwa dume lina harufu maalumu inayomfanya jike asimame. Watafiti wa Ufaransa walijaribu kukandamiza mgongo bila dume kuwapo, na takriban nusu tu ya majike wenye joto ndio waliosimama. Dume alipokuwapo walisimama karibu wote. Kama dume yuko mbali, omba gunia alilolalia, ulete banda mwako umwekee jike alinuse. Lakini usilete gunia kutoka kwenye banda lenye ugonjwa.

Pima asubuhi na jioni, kila siku, na uandike. Penseli na karatasi ni vifaa vya ufugaji kama vile panga na ndoo.

4. SAA YA YAI

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Shika hesabu hizi tatu:

- Yai likitoka kwenye ovari, lina nguvu kwa muda wa saa 6 hadi 8 tu. Baada ya hapo linazeeka.
- Mbegu za dume huishi ndani ya jike kwa saa 24 hivi. Lakini zikiingia haziko tayari mara moja. Zinahitaji saa kadhaa kukomaa humo ndani kabla ya kuweza kuliingia yai.
- Mayai hutoka wakati theluthi mbili za muda wa kusimama zimepita, si mwanzoni.

Basi unaona jambo lenyewe. Mbegu zinaweza kumngoja yai, lakini yai haliwezi kuzingoja mbegu. Mbegu zitangulie.

Mama aliyekwisha kuzaa husimama kwa siku mbili hadi tatu. Mtamba, yaani jike ambaye hajazaa bado, husimama kwa muda mfupi zaidi, siku moja hadi mbili. Kwa hiyo ratiba zao hazifanani.

Mfano wa mama. Ameanza kusimama Jumatatu saa 12 asubuhi, na joto lake ni la saa 60. Theluthi mbili ni saa 40, kwa hiyo mayai yatatoka Jumanne saa 4 usiku. Mpeleke Jumanne asubuhi, na tena Jumanne jioni. Mbegu zitakuwa mrijani kabla ya mayai kushuka. Ukimpeleka Jumatatu asubuhi peke yake, mbegu nyingi zitakufa zikingoja. Ukimpeleka Jumatano adhuhuri, mayai yamekwisha kuzeeka.

Mfano wa mtamba. Ameanza kusimama Jumatatu saa 12 asubuhi, na joto lake ni la saa 40. Mayai yatatoka Jumanne karibu saa 3 asubuhi. Mpeleke Jumatatu jioni, na tena Jumanne asubuhi mapema.

Wewe hukuwa bandani usiku kucha, na huenda alianza kusimama usiku wa manane. Hesabu yako inaweza kukosea nusu siku. Ndiyo sababu tunampandisha mara mbili: mara ya pili inaziba kosa la mara ya kwanza. Kila mara, kabla ya kumpandisha, kandamiza mgongo tena. Kama hasimami, usimlazimishe.

Kuna jambo moja zaidi kwa mama aliyeachishwa. Akipata joto mapema, siku ya 3 au 4 baada ya kuachisha, joto lake kwa kawaida ni refu. Akichelewa hadi siku ya 7, joto lake mara nyingi ni fupi. Mfanyie ratiba ya mtamba.

Sikiliza mazungumzo haya ya mama mwenye jike na baba mwenye dume:

- Hodi hapa, Baba. Nimemleta nguruwe wangu, ana joto.
- Karibu, Mama. Alianza kusimama lini?
- Kusimama? Leo asubuhi nimeona amevimba, watoto wakasema tumlete.
- Umemkandamiza mgongo?
- Nimemkandamiza, amekimbia.
- Basi Mama, dume wangu atapanda bure na wewe utalipa bure. Mrudishe. Mkandamize leo jioni na kesho asubuhi. Saa atakayosimama, iandike. Kisha uje tuhesabu pamoja.

Baba huyu ni mwenye dume wa kweli. Angeweza kuchukua ada na kunyamaza. Ukiwa na dume, uliza swali lake kila mara. Watu watakuja kwako kwa sababu majike yao yanashika mimba.

5. KAZI YA MJI WA MIMBA WAKATI WA KUPANDWA

Wengi hudhani mbegu huogelea zenyewe hadi juu. Zinaogelea, ndiyo, lakini pembe ya mita moja ni safari ndefu sana kwa kitu kisichoonekana kwa macho. Anayezibeba ni mji wa mimba wenyewe.

Jike anapomwona, kumsikia na kumnusa dume, ubongo wake unatoa homoni ya oksitosini. Homoni hii huongeza mawimbi ya misuli ya mji wa mimba. Tena, manii ya dume yenyewe ina estrojeni. Ikigusa ukuta wa mji wa mimba, ukuta unatoa prostaglandini, na mawimbi yanazidi. Kwa njia hii mbegu za kwanza hufika juu upesi. Mlangoni mwa mrija zinasimama katika ghala dogo, na kutoka hapo zinaachiliwa kidogo kidogo kwenda kulingoja yai. Dume humwaga mabilioni ya mbegu, lakini zinazofika ghalani ni maelfu machache tu. Nyingine zinarudi nje pamoja na majimaji, na zilizobaki zinaliwa na chembe nyeupe za damu zinazosafisha mji wa mimba. Kwa hiyo ukiona majimaji yakitoka baada ya kupandwa, usiogope.

Kutokana na haya tunapata mafundisho manne:

Kwanza, usimpige jike wala dume wakati wa kupandwa. Nguruwe akiogopa, mwili wake unatoa homoni ya woga, na homoni hiyo inaizuia oksitosini. Mawimbi yanakoma. Watoto wanaozunguka banda na kurusha mawe wanakupunguzia watoto wa nguruwe.

Pili, mwache dume amalize. Kwa kawaida huchukua dakika 5 hadi 8, wengine zaidi. Humwaga majimaji mengi, mililita 150 hadi 300 kwa mara moja, na mwishoni hutoa kitu kama uji mzito unaoziba mlango. Ukimwondoa baada ya dakika mbili, umelipa ada nzima ukachukua nusu ya kazi.

Tatu, sakafu isiteleze. Mwaga majani makavu au mchanga. Mpandishe asubuhi na mapema au jioni, si jua la mchana.

Nne, usimpandishe jike ambaye joto linakwisha. Mayai yakishatoka, projesteroni inaanza kupanda, mawimbi yanapungua, na nguvu ya mji wa mimba ya kujisafisha inapungua pia. Uchafu ulioingia na dume unabaki ndani na kuleta ugonjwa. Ukiona usaha mweupe au wa manjano siku nyingi baada ya kupandwa, mwite daktari wa mifugo.

6. MAJUMA MANNE YA KWANZA

Nguruwe amepandwa vizuri. Sasa, je, kazi imekwisha? Hapana.

Mayai yaliyorutubishwa hukaa mrijani siku mbili hivi, kisha huingia kwenye pembe. Mawimbi mapole ya mji wa mimba huyasambaza, ili kila mimba changa ipate nafasi yake katika pembe zote mbili. Karibu siku ya 11 au 12, mimba changa hutoa estrojeni yao wenyewe. Ni ujumbe kwa mji wa mimba: tupo, usitoe ile prostaglandini ya kuviua vivimbe. Ujumbe huu unahitaji sauti za kutosha. Zikiwapo mimba changa nne au zaidi, kwa kawaida mji wa mimba unasikia. Zikiwa chache zaidi, mara nyingi hausikii, na jike anarudi kwenye joto kana kwamba hakupandwa.

Kwa hiyo katika majuma manne ya kwanza:

- Usimhamishe banda, usimsafirishe kwa baiskeli wala gari, usimchanganye na nguruwe wageni watakaopigana naye.
- Mpe kivuli na maji wakati wote. Nguruwe hatoi jasho la kutosha kujipoza. Joto kali la jua huua mimba changa. Mmwagie maji mchana au mtengenezee mahali penye tope.
- Kwa mtamba: ongeza chakula siku 10 hadi 14 kabla ya joto unalotegemea, ili ovari itoe mayai mengi zaidi, akishapandwa, rudisha chakula kiwe cha kawaida.

Kuanzia siku ya 18 hadi ya 24, mpime tena kwa kumkandamiza mgongo. Siku za kurudi zitakueleza kosa liko wapi. Akirudi karibu siku ya 21, inaelekea saa ilikosewa, au dume ana kasoro, au mimba zilikuwa chache. Akirudi kati ya siku ya 25 na ya 35, alishika mimba, kisha ikaharibika. Hapo chunguza joto la jua, vita bandani, au ugonjwa.

Mfano wa hesabu: akipandwa tarehe 1 Machi, mpime kuanzia tarehe 19 hadi 25 Machi. Asiporudi, tegemea kuzaa karibu tarehe 23 Juni.

7. MAMBO YANAYODANGANYA

Mahindi yenye ukungu. Kuna ukungu wa waridi unaoota kwenye mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Aina moja ya ukungu huo hutoa sumu inayofanana na estrojeni. Mwili wa nguruwe unadanganyika. Utaona hata mtoto wa kike wa miezi mitatu amevimba uke na kuwa mwekundu, nawe utadhani ni joto. Mama mkubwa akila mahindi hayo anaweza kukaa muda mrefu bila joto la kweli. Kama nguruwe kadhaa wamevimba kwa wakati mmoja bila kusimama, angalia chakula kwanza. Mahindi ambayo mtu hawezi kula kwa sababu ya ukungu, nguruwe naye asipewe.

Sindano za sokoni. Zipo sindano za homoni za kuleta joto, na zina kazi yake mikononi mwa daktari wa mifugo. Lakini prostaglandini haileti joto kwa nguruwe kama haijafika karibu siku ya 12 ya mzunguko. Kabla ya hapo vile vivimbe havisikii. Jike mwenye mimba ataiharibu mimba. Dawa hiyo hupita hata kwenye ngozi ya mtu, na inaweza kumdhuru mwanamke mjamzito au mtu mwenye pumu. Usinunue sindano usiyoijua, wala usimpe nguruwe vidonge vya uzazi vya binadamu.

8. DUME WA KUAZIMA NA UGONJWA

Hapa Uganda wafugaji wengi wanatumia dume mmoja kwa majike ya nyumba nyingi. Ni msaada mkubwa, lakini pia ni njia ya ugonjwa. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa mara ya kwanza na wataalamu nchini Kenya mwaka 1921, haina dawa, na hapa hatuna chanjo yake. Huua karibu kila nguruwe inayemfikia. Kukiwa na vifo vya ghafla vya nguruwe katika kijiji chochote cha jirani, jike asitoke na dume asitoke, hata kama joto limefika. Kupoteza siku 21 ni afadhali kuliko kupoteza banda zima. Katika wilaya kadhaa ipo huduma ya mbegu za chupa. Ulizia kwa daktari wa mifugo. Mbegu hizo huhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 17 hivi, hazigandishwi, na saa ya yai ni ile ile.

Usimpandishe jike na baba yake wala ndugu yake. Dume kijana asipande zaidi ya mara mbili au tatu kwa juma.

Na jambo la ujirani mwema: miongoni mwetu wapo ndugu ambao imani yao inawakataza kumgusa nguruwe. Unapompeleka jike kwa dume, mfunge kamba vizuri, zunguka njia isiyopita karibu na msikiti, bomba la maji au chakula cha watu.

MASWALI YA KUJIPIMA

Swali: Nguruwe wangu amevimba uke tangu jana lakini anakimbia nikimkandamiza. Nimpeleke?
Jibu: Bado. Endelea kumpima asubuhi na jioni mpaka asimame.

Swali: Kwa nini mbegu zitangulie kabla ya mayai?
Jibu: Mbegu zinaishi saa 24 hivi na zinahitaji muda wa kukomaa ndani ya jike. Yai lina nguvu kwa saa 6 hadi 8 tu.

Swali: Mtamba ameanza kusimama Alhamisi asubuhi. Apelekwe lini?
Jibu: Alhamisi jioni, na tena Ijumaa asubuhi mapema.

Swali: Jike wangu amerudi baada ya siku 30. Saa ndiyo niliyokosea?
Jibu: Huenda sivyo. Alikwisha kushika mimba, ikaharibika. Angalia kivuli, maji, safari na magonjwa.

KATA SEHEMU HII UIBANDIKE BANDANI

1. Achisha watoto, andika tarehe. Kuanzia siku ya 3 pima asubuhi na jioni.
2. Kuvimba si kusimama. Kandamiza mgongo.
3. Mama: saa 24 baada ya kusimama, na tena saa 12 baadaye.
4. Mtamba: saa 12 baada ya kusimama, na tena saa 12 baadaye.
5. Utulivu, kivuli, sakafu kavu. Dume amalize.
6. Majuma manne asihamishwe. Siku ya 18 hadi 24 mpime tena.
7. Kabla ya siku ya 114, tayarisha majani ya kuzalia.

Katika somo la tano tutazungumza juu ya usiku wa kuzaa, na namna ya kumwokoa mtoto wa nguruwe aliyezaliwa na baridi. Mpaka hapo, andika tarehe zako, ndugu msomaji. Ufugaji mwema.